Shimo Lililofunikwa Majani

Gurudumu la mbele la kushoto ndilo lililotangulia kuzama. Khatibu alihisi usukani ukimponyoka, akakanyaga breki, lakini breki ya nini wakati ardhi yenyewe haipo? Miti ilikatika chini ya lori, kah, kah, kah, kisha boneti ikagonga udongo na kila kitu kikasimama. Mvua tu ndiyo iliyoendelea.

Epifania alikuwa amekaa kando ya dereva na mtoto kifuani. Alimkunjia mwili wote, bega lake likapokea pigo la dashibodi. Mtoto, Kezia, wa miezi minane, akalia. Epifania alishukuru kilio hicho. Tangu asubuhi mtoto hakuwa amelia kwa nguvu. Homa ilikuwa siku ya tatu, zahanati ya kijijini kwao haikuwa na dawa hata ya kuonja, na ndiyo sababu alikuwa ndani ya lori lile kwenda hospitali ya misheni ya Kasulu.

"Mama Kezia, mzima?" Khatibu aliuliza. Damu ilimtoka mdomoni, alikuwa amejing'ata ulimi.

"Mzima. Na mtoto mzima. Stani yuko wapi?"

Stanislaus, mgambo kijana wa kijiji cha mbali cha Muyama, alikuwa juu ya mzigo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuulinda. Walimkuta ubavuni mwa lori, kwenye matope, nguzo mbili zimemlalia mguu wa kulia. Hakupiga kelele. Alikuwa anatukana kwa Kiha, polepole, tusi moja moja, kama mtu anayesali rozari.

Waliziinua nguzo. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, ila haukutoboa ngozi. Khatibu alipasua gunia, Epifania akachagua fito mbili zilizonyooka, wakafunga mguu kuanzia juu ya goti hadi kwenye kisigino.

"Kaza," alisema Stanislaus.

"Nikikaza sana vidole vitakufa."

"Basi kaza kidogo, dada, lakini uache kunitazama hivyo kama umeshanizika."

Wakati Khatibu anatafuta jeki, Epifania alichungulia shimoni. Lilikuwa na upana wa hatua tatu, kina cha kumzidi mtu mzima. Juu yake kulikuwa kumepangwa miti myembamba, juu ya miti nyasi, juu ya nyasi udongo, na juu ya udongo majani mabichi yaliyochomekwa yasimame kama yameota. Hakuhitaji kuelezwa. Majuma mawili nyuma, yeye na wanawake wenzake walichimba shimo la namna hiyo hiyo nje ya kijiji chao, na hata majani walichomeka hivyo hivyo. Aliyewafundisha ni mwalimu mmoja wa mgambo, alizunguka vijiji vyote vya barabara hiyo.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1979. Vita ilikuwa mbali kule kaskazini, lakini nchi nzima iliambiwa ijiandae. Vijiji vya Kibondo viliambiwa vitoe magunia matupu na nguzo kwa ajili ya kuimarisha bandari ya Kigoma, adui asije akapita ziwani. Pia viliambiwa vifiche barabara. Vibao ving'olewe. Barabara ya kweli ifungwe kwa matawi ionekane pori. Mgeni akiuliza njia na hamumjui, mwonyesheni ya msituni, ambako shimo linamngoja. Epifania alikuwepo kikaoni. Walipoulizwa nani anaafiki, mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono ya kwanza.

Kwa hiyo alilitazama shimo, akanyamaza.

Akakumbuka na ile njia panda. Walifika pale saa tano asubuhi. Khatibu alisimamisha lori kwa sababu kibao hakikuwepo, na mbele alimwona mama mmoja mtu mzima anapalilia mihogo. Akamwambia Epifania, "Inama chini, mama. Jifunike. Mzigo huu ni wa vita, abiria hawaruhusiwi. Wakikuona mimi sina kazi." Epifania akainama, kanga kichwani, mtoto mapajani; juu ya mzigo Stanislaus alikuwa amelala chini ya turubai. Alimsikia Khatibu akiuliza kwa Kiswahili chake cha Tanga, kimenyooka, kitamu, kama cha redioni. "Shikamoo mama. Samahani, njia ya Kasulu ni ipi?" Kisha yule mama akajibu kwa kifupi, "Kushoto."

Neno moja tu la Kiha lingetosha. Epifania angeinua kichwa, aseme *mwakeye*, yaani umeamkaje, yule mama angemwona na mwanawe mgonjwa, na wangeonyeshwa njia ya kweli. Hakuinua kichwa. Mama unayesoma haya, likumbuke hilo kabla hujafika mwisho: ukiwa na mtoto mgonjwa, usikubali kufichwa na mtu yeyote, hata anayekusaidia.

Walikuwa wamekwenda mwendo wa nusu saa ndani ya msitu. Nyuma yao kulikuwa na kijito chenye daraja la magogo. Jioni ile walisikia mngurumo, na asubuhi ya Jumatano Khatibu alikwenda kutazama, akarudi na suruali imelowa hadi kiunoni.

"Daraja limekwenda," alisema. "Maji yamefika kwenye miti. Nilijaribu, lahaula, nikaona yananichukua, nikashika mzizi."

"Unajua kuogelea?" Stanislaus aliuliza.

"Nimezaliwa pwani."

"Sikukuuliza umezaliwa wapi."

"Sijui," alisema Khatibu. Kwa mara ya kwanza wote watatu wakacheka, Stanislaus akicheka huku ameshika mguu.

Mbele njia ilikuwa inaishia kwenye mbuga iliyojaa maji. Walikaa palepale. Walitandaza turubai la mzigo kati ya lori na miti miwili, wakaliinamisha upande mmoja, maji ya mvua yakashukia kwenye debe. Maji hayakuwa shida. Chakula ndicho kilikuwa haba: mkate mmoja wa Khatibu, sukari robo, majani ya chai, na muhogo mkavu aliochukua Epifania. Khatibu aligawa mkate vipande, kipande kikubwa akampa Epifania.

"Mimi sina njaa," Epifania alisema.

"Sikupi wewe. Nampa huyo anayenyonya."

Mtoto alinyonya mara nne Jumatano ile. Epifania alihesabu. Alihesabu pia ni mara ngapi nepi imelowa: mara mbili, kisha mara moja, kisha jioni ikawa kavu. Alichovya kitambaa kwenye debe, akampangusa kichwa, kwapa na mapaja, akapangusa tena. Nguo nzito alizivua zote. Bibi yake alikuwa akiwafunika watoto wenye homa kwa blanketi mbili. Mama, usifanye hivyo, homa haitoki kwa kufungiwa ndani. Mbung'o waliuma kila penye ngozi wazi, kwa hiyo Stanislaus, aliyekuwa hawezi kusimama, alipewa tawi na kazi ya kupepea. Alipepea mpaka mkono ukafa ganzi, akahamishia mkono mwingine.

Kuwapotezea mawazo, Khatibu alisimulia bandari. Alikuwa ameshapeleka mizigo miwili. Alisema juu ya gati, kwenye mteremko, watu wamechimba mahandaki yaliyopinda kama nyoka, mtu akisimama ndani kinachoonekana ni macho tu. Magunia ya mchanga yamepangwa kimo cha kifua, na kati ya magunia wameacha matundu yanayotazama maji. Mizinga imefunikwa nyavu za wavuvi, na nyavu zimechomekwa majani. Taa zote za upande wa ziwa zimepakwa masizi, mashua zinaingia bila mwanga, na watu wa ufukweni usiku wanapika ndani ya nyumba, milango imefungwa, macho yanawatoka machozi.

"Mume wangu yuko huko," Epifania alisema. "Tharsisi. Anajaza mchanga."

"Mrefu, ana pengo hapa mbele?"

"Mfupi. Meno yote anayo."

"Basi simjui," alisema Khatibu. "Lakini magunia haya yangefika kwake. Wanayangoja. Ukuta wa upande wa kusini haujafika hata magotini."

Stanislaus aliacha kupepea. "Yatafika," alisema. "Nimeapa yatafika. Gunia likipotea hata moja, jina langu ndilo lililoandikwa."

Alhamisi asubuhi Kezia alikataa kunyonya. Epifania alimkamulia matone mdomoni, yakatoka pembeni. Macho ya mtoto yalikuwa wazi nusu, na utosi umebonyea. Mvua ilikuwa imekatika. Khatibu alikuwa kifua wazi ndani ya shimo, akijenga ngazi ya nguzo chini ya gurudumu, kazi ambayo yeye mwenyewe alijua haina maana kwa sababu springi ilikuwa imekatika. Alijenga tu kwa kuwa hakuweza kukaa.

"Leo watapita watu," alisema. "Hii si barabara? Lazima lori jingine litafika hata pale kijitoni."

"Hakuna atakayepita," Epifania alisema.

"Unajuaje?"

Ndipo akawaambia. Aliwaambia yote, shimo, vibao, kikao, mkono wake juu. Alisema kila mwenyeji anaijua njia hii kuwa ni mtego, kwa hiyo hakuna mwenyeji atakayeikanyaga, na mgeni akija ataletwa humu humu akwame kama wao. Alisema yule mama wa mihogo hakukosea. Alifanya alivyoagizwa.

Khatibu alitoka shimoni, akakaa kwenye matope.

"Siku mbili ulikuwa unajua," alisema.

"Siku mbili."

"Na mimi ndiye niliyekwambia uiname."

Epifania alimtazama mtoto, alikuwa anapumua upesi upesi.

"Sikilizeni," alisema. "Kikaoni tuliambiwa jambo jingine. Moshi ukionekana kutoka msitu uliofungwa, huyo ni adui amepiga kambi. Kengele inagongwa, mgambo wote wanatoka na silaha. Warina asali wenyewe wamekatazwa kuingia, ili moshi usichanganywe. Tukiwasha moshi, watakuja leo leo. Watakuja mbio."

"Kutuua," Stanislaus alisema.

"Kwanza waje."

Kuni zilikuwa zimeloa kabisa. Kilichokuwa kikavu ni magunia, yaliyofungwa marobota katikati ya mzigo, chini ya nguzo. Epifania aliyatazama. Stanislaus aliona anakotazama, akajivuta kwa viwiko mpaka akaegemea marobota yale.

"Hapana, mama Kezia. Chochote, lakini si haya. Hii ni mali ya vita. Watu wamelala kule bila ukuta, mumeo akiwemo. Nikirudi bila magunia nitasema nini, kwamba tuliota moto?"

"Stani."

"Nimeapa!"

Papo hapo Kezia akakakamaa. Shingo ilirudi nyuma, mikono ikakunjika, miguu ikaanza kutikisika, midomo ikageuka rangi. Degedege. Epifania alimlaza ubavu juu ya kanga kama alivyoonyeshwa na mganga wa zahanati, hakumtia kitu mdomoni, hakumshika kwa nguvu. Alikaa amemwekea mkono mgongoni na kuhesabu. Alipofika mia mbili na kumi mwili wa mtoto ulilegea. Akaweka sikio. Alikuwa anapumua.

Alipoinua macho, Stanislaus alikuwa anakata kamba ya robota kwa panga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mzee Khatibu," alisema, "leta dizeli."

Walichoma robota la kwanza kwa dizeli mpaka likawa makaa, kisha Epifania akachukua kazi. Baba yake alikuwa mrina asali, na tangu utotoni alijua kwamba moto mkali hauna moshi. Unaupa makaa, halafu unaufunika majani mabichi kwa kipimo, usiuue, usiuache uwake. Aliweka majani, akaweka gunia lililoloweshwa, akainua ncha moja kuvutia hewa. Moshi ulitoka mweupe, mzito, ukapanda juu ya miti na kusimama hapo kwa kuwa upepo haukuwepo. Saa tano hadi saa tisa waliteketeza marobota matatu. Khatibu alikata majani mpaka viganja vikachubuka.

"Sasa jambo la pili," Epifania alisema. "Mzee Khatibu, wakifika usiseme neno."

"Hata salamu?"

"Hasa salamu. Kiswahili chako ndicho kilichotuleta hapa."

"Ukifungua mdomo, mshale," Stanislaus alisema. "Mimi watanisikia ni Mha, lakini nitakuwa nimelala, watadhani nawavizia. Bora tukae nyuma ya tairi."

"Mtakaa nyuma ya tairi," alisema Epifania. "Nitasimama mimi."

Alimfunga Kezia mgongoni kwa kanga, akavuka kando ya shimo, akaenda kusimama mahali palipo wazi, hatua hamsini kutoka kwenye moto. Aliogopa mishale, na aliogopa zaidi kwamba mgongo wake hausikii uzito ukijigeuza. Kila mara alipeleka mkono nyuma, akagusa unyayo. Ulikuwa wa moto. Ukiwa wa moto, bado yupo.

Saa kumi na kitu ndege walinyamaza upande wa kulia. Hakuona mtu, aliona tu kwamba majani yanasogea bila upepo. Akavuta pumzi.

"*Mwakeye!*" alipiga kelele, ingawa ilikuwa alasiri na salamu hiyo ni ya asubuhi. "*Mwakeye*, jamani! Ni mimi, Epifania wa Tharsisi, binti wa mrina asali! Nina mtoto mgonjwa! Tumeangukia shimo lenu!"

Mshale ulikuwa umeshaachiwa. Ulipita pembeni, ukachoma robota la magunia juu ya lori, ukatikisika. Kisha sauti ya mtu mzima ikafoka, "Acha wewe! Ni mwanamke, ana mtoto!" Akatokea mtu mfupi mwenye mvi, mkuki mkononi, kofia ya mgambo imelowa. Jina lake Dadi, na ndiye aliyekuwa kamanda wa kijiji kile. Nyuma yake walitoka watu kama thelathini kutoka kila upande, wengine wamepaka matope usoni.

"Nani amekuleta huku?" Dadi aliuliza.

"Nyinyi," alisema Epifania.

Hawakupoteza muda. Walikata nguzo mbili za mzigo, wakazifungia magunia katikati, ikawa ngobyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa ambacho kila kitongoji cha Buha kina watu wake wa zamu. Stanislaus akalazwa humo. Wanaume wanane walibeba kwa kupokezana bila kuambiana, kama walivyozoea kuwabeba wajawazito. Kijito walikivuka chini zaidi, penye mti ulioangukia ng'ambo. Khatibu alivuka kwa magoti, amefumba macho, kijana mmoja amemshika mkanda.

"Huyu ndiye adui?" kijana akauliza.

"Ndiye," alisema Stanislaus kutoka kwenye ngobyi. "Mlinde asidondoke."

Kijijini kengele ilikuwa bado inagongwa. Wanawake walikuja na uji. Mmoja wao alisimama kando na kibuyu, hasogei. Alikuwa yule mama wa mihogo, Esteri. Alimtazama Khatibu, akamtazama mtoto mgongoni mwa Epifania, akaweka kibuyu chini.

"Hukuwepo," alisema. "Nilitazama ndani. Nilimwona mwanamume tu, anaongea kama watu wa mbali. Hukuwepo, mwanangu."

"Nilikuwepo. Niliinama."

"Kwa nini uliinama?"

Epifania alinywa uji. Hakumlaumu. Angemlaumuje, na wiki mbili zilizopita yeye mwenyewe alikuwa tayari kuonyesha kushoto? Esteri alimpokea mtoto, akambeba mpaka barabara ya kweli, akayaondoa matawi kwa mikono yake mwenyewe, na hapo trekta la kijiji likawachukua hadi Kasulu. Walifika hospitali giza limeingia. Mtoto alichomwa sindano ya kwinini, akawekewa maji. Muuguzi aliuliza homa imeanza lini, na alipojibiwa, aliandika bila kuinua uso.

Kezia alipona. Stanislaus alirudi kutembea, mguu mmoja umepungua kidogo. Khatibu alipeleka magunia yaliyobaki kwa lori jingine, na alipofika gati alimtafuta Tharsisi mpaka akampata, akamweleza kila kitu, pamoja na neno alilomwambia abiria wake pale njia panda. Ukuta wa kusini ulifika kifuani. Vita iliisha bila adui kuonekana ziwani, na magunia yale yalioza palepale kwa mvua.

Epifania aliporudi kijijini aliomba kusema kikaoni. Alisema shimo likichimbwa, mtu akae hapo zamu, mchana kutwa, mwenye macho na masikio, na kila gari lifunguliwe mlango kabla halijaonyeshwa njia. Mwalimu wa mgambo alisema hilo litafichua siri. Epifania akasema basi zamu ya kwanza ni yake. Alikaa pale na jembe lake mpaka shimo lilipofukiwa mwezi wa Juni, na hakuna gari lililopita bila yeye kuchungulia ndani na chini ya kiti.

Ilikuwa mwezi huo huo wa Juni, Kezia akijifunza kusimama, ndipo alipogundua. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa kinu, amempa mgongo, anaelekea kwenye mafiga yenye moto. Epifania akamwita. Akamwita tena, kwa sauti ya juu zaidi ya ile aliyowaitia mgambo msituni. Mtoto hakugeuka; ile homa ilikuwa imeondoka na masikio yake.

Akatupa jembe, akakimbia, akazunguka mbele, akapiga magoti pale ambapo mwanawe angeweza kumwona.